Laptopu ya 13,500 Inatosha. Pesa Iliyobaki Nunua Sensa

Wasee wa magari, leo kuna watu watanikasirikia na ni sawa tu.

Kila wiki naulizwa swali moja: "Buda, nimeagiza kompyuta ya injini, sasa ninunue laptopu gani ya kutuni?" Halafu msee anatuma picha ya laptopu ya gemu, kibodi inawaka rangi zote kama matatu ya Rongai. Bei? 90,000 na kitu. Anataka kukopa.

Usikope. Nunua ile ya bei ya chini kabisa inayowaka vizuri na kukaa na chaji. Mimi natumia ThinkPad X220 ex-UK niliyonunua tao kwa 13,500. Kona moja imepasuka na herufi E inabonyezwa kwa nguvu. Imetuni magari manne.

Hebu tuangalie kazi yenyewe. Speeduino ndiyo vijana wengi wanaanza nayo, kwa sababu ni mradi huria: mchoro na programu yake viko wazi kwa kila mtu. Imejengwa juu ya Arduino Mega 2560. Chipu yake inakimbia megahezi 16 na ina kumbukumbu ya kilobaiti 8. Nane! Na hiyo ndiyo inaamua petroli imwagwe lini na cheche iruke lini, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kila sekunde.

Kazi ngumu inafanywa na hiyo chipu. Laptopu inaonyesha namba, inazirekodi, na inakuruhusu uzibadilishe. Jedwali la petroli lina safu 16 kwa 16, namba 256 jumla. Daftari la chama cha mamako lina namba nyingi kuliko hizo. Programu ya TunerStudio inafanya kazi na Speeduino na MegaSquirt, iwe uko Windows, Mac au Linux, na kuna toleo la bure. La kulipia linakuongezea kujituni kwa petroli, lakini ngoja nikuambie kwa nini hata hilo halikusaidii bila sensa.

Nina rafiki ana Corolla ya zamani yenye 4A-GE. Waya zilikuwa zimeshapita kwa mafundi watatu, kwa hivyo aliamua kuweka kompyuta mpya. Akakopa, akanunua laptopu ya gemu. Pesa ikaisha. Sensa ya ekzosti akabaki na ile iliyokuja na gari.

Shida ni kwamba ile sensa ya kawaida inajua kitu kimoja tu: mchanganyiko umepita 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, au haujafika. Haikuambii ni kwa kiasi gani. Ni kama kumuuliza mtu saa, anakujibu "mchana." Sensa ya waidibendi inakupa namba kamili. Na kule kujituni kwa TunerStudio kunategemea hiyo namba. Halafu kunarekebisha petroli pekee, cheche bado ni juu yako.

Tulituni Nairobi, gari likavuta poa sana. Pasaka tukaamua: Mombasa!

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi hawajui. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700. Presha ya hewa ni kama kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni karibu 101. Injini isiyo na tabo haiwezi kupata presha zaidi ya ile ya hewa iliyoko nje. Kwa hivyo hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho pale Thika Road, safu za 90 na 100 kwenye jedwali haziguswi hata siku moja. Zetu zilikuwa namba za ramani tuliyopakua kwa mtandao. Za kubahatisha.

Tukifika Emali, laptopu ya gemu ikazima. Chaji yake ni kubwa kama tofali, huwezi kuichomeka kwa soketi ya sigara. Nikatoa ThinkPad yangu nyuma, nikaunganisha, nikaendelea kurekodi. Tulipita Voi. Karibu na Mackinnon Road jamaa akatoka kupita lori, mguu chini. Nikasikia kama mtu anatikisa misumari kwa kopo. Kufika mbele kidogo, moshi.

Pistoni moja ilikuwa imevunjika. Rekodi ilionyesha injini ilikuwa kwa kilopaskali 96, safu ambayo hatukuwahi kuigusa. Je, petroli ilikuwa kidogo? Cheche iliwahi sana? Hatukuweza kujua, kwa sababu sensa yetu ilikuwa inasema tu "mchana."

Tulirudi Nairobi na gari limebebwa, hakuna mtu aliongea hadi Sultan Hamud.

Najua kuna mwenye atasema, "Si upeleke tu kwa mtaalamu mwenye dyno?" Kama unayo pesa, peleka, tena haraka. Lakini hata dyno ikiwa Nairobi inapumua hewa ya Nairobi. Muulize fundi wako amefanya nini na zile safu za juu. Akikuangalia tu, chukua ufunguo wako.

Kwa hivyo kama bajeti ni ndogo, ipange hivi. Kwanza waidibendi. Pili laptopu ya zamani, na kama ina hadi diski ya kuzunguka, weka SSD ndogo, mashimo ya barabara zetu yataua hiyo diski. Tatu, kebo nzuri ya USB, ipitishe mbali na koili na waya za plagi, la sivyo mawasiliano yatakatika kila saa. Ukibadilisha namba, bonyeza "Burn," usipofanya hivyo ukizima gari zinapotea. Na usitune ukiwa kwa usukani. Mmoja aendeshe, mwingine ashike laptopu.

Rafiki yangu aliuza ile laptopu ya gemu. Pesa ikalipa pistoni, waidibendi, na sehemu ya deni. Agosti tulishuka tena Mombasa, polepole, tukisimama Mtito, Voi na Mariakani kurekebisha safu moja baada ya nyingine. Tulifika Nyali saa tatu usiku, tumechoka, injini inanguruma vizuri.

Laptopu ilikuwa ile ile yenye E mbovu.