Kinga ya uso iwe lazima katika softiboli ya wasichana

Kila Juni, kamati ya kanuni za softiboli ya NFHS, shirikisho la michezo ya shule za sekondari Marekani, hukutana kupitia mapendekezo ya mabadiliko. Langu ni moja: mrushaji na walinzi wa besi ya kwanza na ya tatu wasiingie uwanjani bila kinga ya uso. Kwa sasa kanuni inawaruhusu kuivaa, haiwalazimishi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na mchezo huu nimeujulia ukubwani hapa Minneapolis, kwa sababu binti yangu analinda besi ya tatu. Itazameni kazi yake. Mpigaji akishusha gongo kana kwamba ataugusa mpira tu udondoke karibu, mlinzi wa besi ya tatu hutimka mbele auwahi. Hapo mpigaji mjanja hulirudisha gongo nyuma na kuuchapa mpira kwa nguvu zote. Mtoto yuko mita kumi tu, ameinama, bado anakimbia. Mpira ukitoka kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, humfikia kwa zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 180 na zaidi, na ni mgumu.

Mrushaji naye hana nafuu. Kuanzia msimu wa 2010–11 alisogezwa nyuma kutoka futi 40 hadi 43, yaani mita 13 hivi. Lakini hatua yake ndefu ya kurusha humrudisha mbele, na mpira ukipigwa huwa hajasimama sawasawa.

Tangu 2006 kofia ya mpigaji wa sekondari lazima iwe na kinga ya uso. Ilikuwa haki kabisa. Sasa huyo anayesubiri mpira akijua unatokea wapi amelindwa, na yule anayerudishiwa mpira huohuo ukiwa na kasi ya gongo la kisasa yuko uso wazi. Sielewi hesabu hiyo.

Wapo makocha wanaodai kinga hiyo inaziba macho. Nimeivaa binti yangu aliponirushia mipira nyuma ya nyumba: vyuma vyake ni vyembamba, na baada ya muda mfupi unavisahau. Kinachowazuia wasichana kuivaa ni aibu. Msimu uliopita msichana wa timu pinzani alipigwa kwenye mfupa wa shavu, mbele yetu. Kinga yake ilikuwa ndani ya begi, kwenye benchi. Mama yake alituambia aliacha kuivaa kwa sababu wenzake walikuwa wakimwita mwoga. Mtoto wa miaka 15 hawezi kuachiwa abishane peke yake na wenzake juu ya uso wake. Kanuni ikisema wote mvae, ubishi huo umekwisha.

Bei ni dola 40 hadi 60. Kuna magongo yanayouzwa zaidi ya dola 300, na wazazi wanayanunua. Lakini najua si kila nyumba ina pesa hiyo, kwa hiyo shule inunue kinga tatu kwa kila timu na kuzitunza pamoja na kofia za wapigaji. Makocha wanaokubaliana nami walifikishe pendekezo hili kwenye chama cha jimbo lao mapema, kabla kamati haijaketi tena.