Ustaarabu Hauishii Ufukweni

Lipo neno linalorudiwa mno barazani kwetu, na wakati wa kulijibu umefika. Husemwa kwamba Korogwe si mji, ni kituo tu cha mabasi ya Moshi na Arusha. Kwamba watu wake ni wa kuokoteza, hawana asili moja, na Kiswahili chao ni cha kuazima. Handeni ndiyo haitajwi kabisa. Na wasemao haya ni watu wa ushairi, wanaojua vina na mizani!

Twawauliza: mseto umekuwa aibu tangu lini? Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mojawapo ya sifa zake ni kuwakutanisha Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mzungu. Jambo lile lile likiwa Unguja ni fahari, likiwa Korogwe ni kasoro. Mizani gani hii?

Korogwe ipo kando ya Mto Pangani, katika nchi wanamokutana Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Reli kutoka Tanga iliufikia mji huo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda. Wakaja manamba: Wabena, Wanyamwezi, Waha, Warundi, Wamakonde. Waliitwa kwa namba badala ya majina yao, na mkonge walioukata uliiweka Tanganyika mbele ya dunia nzima. Jioni kambini, Mbena na Mmakonde wangesemezana kwa lugha gani ila Kiswahili? Aliyeazima hurudisha; hawa walikaa nacho, wakalelea watoto, wakakizidishia maneno. Hata hilo neno manamba ni lao.

Na wapenzi wa vitabu wakumbuke Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, nguzo mojawapo ya nathari yetu ya zamani. Kisa chake cha Mbegha hakianzii Lamu wala Mombasa. Kinaanzia milima ya Nguu, iliyokuwa sehemu ya Handeni mpaka wilaya ya Kilindi ilipoundwa mwaka 2002.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya deni. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa ziliwang'oa Wazigua kwao, wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Somalia. Soko kuu la biashara hiyo katika bahari hii lilikuwa hapa hapa Unguja. Waliotoroka mabwana zao walijenga vijiji katika bonde la Mto Juba, wakakihifadhi Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walikimbilia Handeni, na mwaka 2003 wakapatiwa makazi Chogo. Wengi baadaye wakapewa uraia. Wajukuu wa waliouzwa walirejea nchi ya babu zao, wakaongea na wenyeji kwa lugha ya babu zao.

Basi tupime kwa haki. Miji ya majumba ya mawe ilimuuza mtu. Wilaya ya nyumba za udongo ikampokea mjukuu wake. Yupi mstaarabu? Tumeandika tenzi za vita vya masultani na mashairi ya marashi na asumini. Utenzi wa Chogo uko wapi? Wa manamba wa Korogwe je? Mshairi anayeona haya kuvuka kwenda bara asidai kuwa mlinzi wa Kiswahili, maana hajui kinakoishi.