Kipimo Kibovu cha Biashara ya Mwanamke

Mtu asafiriye kutoka Mtwara mjini kwenda Lindi hufika Mikindani baada ya kilometa 10 hivi, na hapo huiona ghuba upande wake wa kulia. Kama ni asubuhi, atawaona wanawake waliokaa nyuma ya mabeseni ya samaki wa kukaanga, sinia za vitumbua na vifungu vya korosho zilizobanguliwa kwa mkono. Hatua chache kutoka hapo atawaona wanaume: mmoja ana duka la vipuri, mwingine anauza mbao, wengine wanangoja abiria juu ya pikipiki, na pale ufukoni wenye mitumbwi na nyavu wanapatana bei na wachuuzi. Wote hao ni wenye biashara ndogo. Lakini mgawanyo wa shughuli zao si wa bahati nasibu, na ndio uliozaa makala haya.

Husikika mara kwa mara, hata katika vyumba vya walimu, kwamba biashara za wanawake hazikui. Wasemao hivyo hutaja sababu walizozizoea: wanawake huogopa hasara, hawajui hesabu, hawana haja ya makubwa. Sikatai kwamba zipo takwimu zinazowapa nguvu. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 2012 ulikadiria kuwa nchini mwetu zilikuwapo biashara ndogo zaidi ya milioni 3, na zaidi ya nusu yake zilimilikiwa na wanawake. Na katika nchi nyingi za dunia biashara ya mwanamke, kwa wastani, huwa na mtaji na mauzo madogo kuliko ya mwanamume. Ninachokataa ni kuugeuza wastani huo kuwa hukumu juu ya akili au bidii ya mtu. Mwanasayansi anapoona tofauti, swali lake la kwanza huwa juu ya kipimo alichotumia.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwalimu wa hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Bibi A hukaanga samaki. Kila siku hutoa shilingi 40,000 kwa samaki, mafuta na kuni, akauza kwa shilingi 52,000, akafanya kazi saa 5. Bwana B ana duka la vipuri lenye mali ya shilingi 4,000,000. Kwa siku hupata faida ya shilingi 30,000, na hukaa dukani saa 11. Ukilinganisha faida tupu, Bwana B amemshinda Bibi A mara mbili na nusu. Ukigawanya faida kwa mtaji, Bibi A amepata asilimia 30 kwa siku moja, ilhali Bwana B hajafikia hata asilimia 1. Ukigawanya kwa saa, Bwana B anapata shilingi 2,727 na Bibi A shilingi 2,400. Sasa ongeza jambo ambalo Bibi A hakuliandika popote: samaki wa shilingi 3,000 walioliwa na watoto wake jioni. Faida yake halisi ni shilingi 15,000, yaani shilingi 3,000 kwa saa, na mshindi amebadilika.

Msomaji makini atauliza: kama mtaji wa Bibi A unazaa kiasi hicho, mbona asikaange samaki wa shilingi 400,000? Swali ni la haki. Soko la samaki wa kukaanga katika mji mdogo hujaa upesi, na samaki wasipouzika leo, kesho ni hasara. Kipuri kinaweza kungoja rafuni mwaka mzima bila kuoza. Basi aina ya biashara ndiyo iliyoweka dari, wala si jinsia ya mwenye biashara. Watafiti wawili wa Sweden, Du Rietz na Henrekson, waliliona jambo la namna hii katika makala yao ya mwaka 2000. Walipolinganisha biashara za wanawake na za wanaume bila kuzichambua, za wanawake zilionekana dhaifu. Walipozingatia ukubwa wa biashara, shughuli yake na mambo mengine ya namna hiyo, udhaifu huo haukuonekana tena katika faida. Ulibaki katika mauzo tu.

Lakini kwa nini wanawake wa pwani yetu wamejaa katika shughuli zenye dari fupi? Sababu mojawapo ni saa. Mwanamke atafutaye pweza na chaza kwenye mwamba hushuka maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka; mkulima wa mwani naye hufuata kalenda hiyo hiyo. Nyumbani wanamngoja maji, kuni, watoto na wagonjwa. Duka linalotaka mtu akae saa 11 mfululizo halimwezekani. Beseni la samaki linamwezekana. Sababu nyingine ni vyombo: mtumbwi, nyavu na mikorosho iliyopandwa zamani aghalabu huwa mikononi mwa wanaume, na benki huuliza dhamana kabla ya kuuliza bidii.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni maumbile, kwamba mwanamke hakuumbwa kushindana. Hoja hii imewahi kujaribiwa, na sehemu moja ya jaribio hilo ilifanyika hapa Tanzania. Gneezy, Leonard na List, katika makala yao ya mwaka 2009, waliwapa watu kazi nyepesi ya kurusha mpira wa tenisi mara 10 ndani ya ndoo iliyowekwa umbali wa mita 3. Kila mmoja alichagua: alipwe kwa kila mpira uingiao, au ashindane na mtu asiyemjua na alipwe zaidi akishinda. Miongoni mwa Wamasai, wanaume waliochagua kushindana walikuwa takriban mara mbili ya wanawake. Miongoni mwa Wakhasi wa kaskazini-mashariki ya India, ambao ukoo na urithi wao hufuata upande wa mama, wanawake walichagua kushindana zaidi ya wanaume. Maumbile ya mwanamke wa Kikhasi na ya mwanamke wa Kimasai ni yale yale; kilichotofautiana ni malezi na nani mwenye mali. Nasi tukumbuke kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao wa kusini kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama. Ningefurahi kuona ndoo na mipira hiyo ikiletwa Mikindani.

Nakiri kwamba lipo jaribio lisilonipendeza. Berge, Bjorvatn na Tungodden waliwafuatilia Dar es Salaam wateja wa shirika la mikopo la PRIDE, baadhi yao wakiwa wamepewa mafunzo ya biashara, na wakatoa matokeo yao mwaka 2015. Mafunzo yaliwafaa wanaume. Kwa wanawake athari yake ilikuwa hafifu. Na katika Sri Lanka, watafiti waliogawa ruzuku za mtaji kwa wafanyabiashara wadogo waliona faida ya wanaume ikipanda, ilhali ya wanawake, kwa wastani, haikupanda. Yaani fedha zilipotea? Kwa miaka kadhaa wengi walidhani hivyo.

Mwaka 2019 Bernhardt, Field, Pande na Rigol walizipitia upya takwimu za India, Ghana na hiyo Sri Lanka, wakauliza swali ambalo mama yeyote wa Mikindani angeliuliza tangu mwanzo: je, nyumbani mwa mwanamke huyu yupo mwenye biashara mwingine? Walikuta kwamba alipokuwapo mume mwenye biashara, sehemu ya mtaji aliopewa mke ilihamia kwenye biashara ya mume. Alipokuwa yeye peke yake ndiye mfanyabiashara wa nyumba, mtaji wake ulizaa kama wa wanaume. Fedha hazikupotea; zilikuwa chumba cha pili, na mpimaji alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kwanza.

Kilichotokea Bumala, mji mdogo wa soko magharibi ya Kenya, kinaeleweka vema zaidi kwa mwanga huo. Dupas na Robinson, katika makala ya mwaka 2013, walieleza jinsi walivyowafungulia akaunti za akiba wanawake wauzao sokoni na wanaume waendeshao baiskeli za abiria. Akaunti hizo hazikuwa na riba, na kutoa fedha kulitozwa ada kubwa. Hata hivyo wanawake wengi walizitumia, wakaweka akiba zaidi na kuongeza mtaji katika biashara zao; kwa waendesha baiskeli haikuonekana athari. Mtu hakubali kulipia mahali pa kuweka fedha zake ila kama hana pengine palipo salama. Ndiyo maana upatu umedumu pwani nzima: fedha iliyo katika upatu haiombwi na shemeji. Anderson na Baland, waliochunguza vyama vya namna hiyo katika mtaa wa Kibera, Nairobi, walionyesha mwaka 2002 kwamba wake hujiunga navyo zaidi ili kuilinda akiba yao dhidi ya matumizi ya waume zao.

Mambo haya yanagusa fedha za umma. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa Aprili 2023, ukaanza tena mwaka 2024, na Manispaa ya Mtwara-Mikindani imo ndani yake. Iwapo mafanikio ya mikopo hiyo yatapimwa kwa mauzo peke yake, vikundi vya wanawake vitaonekana vimeshindwa hata pale vilipolisha nyumba, kulipia sare za shule na kununua injini ya mtumbwi wa mume. Na kikundi kilichoandikwa kimeshindwa leo, kesho hakikopeshwi. Maoni yangu ni kwamba mkopo wa mwanamke uende pamoja na mahali pake mwenyewe pa kuweka fedha, na kwamba mkaguzi ahesabu mapato ya nyumba nzima kabla ya kuandika neno “hasara”.

Shule za sekondari za Mtwara zinaweza kulianza jambo hili bila kungoja wataalamu. Wanafunzi wachague biashara 10 za wanawake na 10 za wanaume, wakiomba ridhaa ya wenyewe na wakiyaficha majina yao. Wafuatilie kwa siku 15 mfululizo, ili zipatikane siku za bamvua na siku za maji mafu. Daftari liwe na safu ya mtaji, ya mauzo, ya faida na ya saa za kazi, zikiwamo za kwenda kutafuta kuni. Iwepo safu ya fedha zilizotoka katika biashara kwenda kwa mtu mwingine wa nyumba, na zilikokwenda. Safu ya mwisho iwe ya vitu vilivyoliwa nyumbani, viandikwe kwa bei ya sokoni ya siku ile ile, samaki kwa samaki.