Hukuushinda Mlima, Ulishinda Mlimani

Kuna sentensi moja imenichosha: "Nimeushinda mlima, peke yangu!" Kila anayekwenda kutembea mlimani siku moja hurudi nayo, kisha anatuandikia insha. Nawajua vizuri, maana hata mimi niliiandika kwenye simu nikiwa juu ya Longonot, magoti yakinitetemeka.

Tuanze na hilo *peke yangu*. Kweli, sikuwa na mwenzangu. Lakini njia ile ya vumbi, kama kilomita 3 kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, sikuichonga mimi. Na kwenye mzunguko wa ukingo, kilomita 7.2 za kupanda na kushuka, maji yaliniishia kabla sijafika kileleni, mita 2,776. Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu wake aliniangalia midomo ilivyokauka, akanipa chupa yake. "Kunywa, mwanangu. Jua la leo halina adabu." Chupa hiyo haikuingia kwenye sentensi yangu. Insha ya shujaa haina nafasi ya mtu wa pili.

Sasa *kushinda*. Tunamshinda nani? Volkano haijui hata kama umefika. Lugha hii ina wenyewe. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro, akakipa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wake. Kwake kufika na kumiliki vilikuwa kitu kimoja. Baada ya ukoloni tukakiita Uhuru. Jina tulibadilisha, sentensi je?

Mtasema, "Aah, hiyo ni tamathali tu, usikaze hivyo." Jamani, sisi ni watu wa fasihi! Tamathali ndiyo inayoamua utaona nini. Aliyekwenda kushindana huona kilele tu. Msitu mzima umekaa ndani ya kreta ya Longonot, umezungukwa na kuta za mawe, naye anautumia kama pazia la kupigia picha.

Na ajabu ni kwamba Kiswahili kilishatutengenezea neno. Kushinda ni kumweza adui, lakini pia ni kukaa mahali kutwa nzima. Ondoa *u* kwenye kitenzi, ongeza *ni* kwenye mlima, na adui anageuka kuwa mahali.

Basi nimeifuta ile ya kwenye simu. Sasa inasomeka hivi: Jumamosi nilishinda mlimani, nikapewa maji.