Kikwembe cha Kisangani kingebeba jina gani?

Katika soko kuu la Kisangani, mama anayejua vikwembe haulizi bei kwanza. Anageuza ukingo wa kitambaa na kusoma maandishi. Akikuta jina la Vlisco, anajua bei itakuwa juu. Akikuta maandishi yanayofanana nayo tu, anaanza kubishana.

Kampuni hiyo ya Uholanzi ilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, kwa kuiga batiki za Java. Lakini si Wazungu wa Helmond waliokifanya kitambaa hicho kipendwe Afrika. Ni akina mama wauzaji, kama wale wa Lomé waliotajirika mpaka wakaitwa Nana Benz. Wao ndio waliochagua michoro na kuipa majina: «Mon mari est capable», «L'œil de ma rivale», «Tu sors, je sors». Mwanamke akivaa kikwembe cha namna hiyo, amekwisha kumjibu jirani yake bila kufungua mdomo.

Kisha zikaja kopi za China, zenye mchoro uleule kwa bei ndogo sana. Kushusha bei kungeiua Vlisco, kwa hiyo ikapanda juu: maduka ya kifahari, picha za matangazo, michoro mipya mara kadhaa kwa mwaka. Kwa maoni yetu ilifanya vizuri kukataa vita ya bei. Lakini mchezo wa kubadilisha michoro kila baada ya miezi michache una hatari yake. Kwetu kikwembe kizuri si nguo tu. Ni akiba. Kinakaa ndani ya sanduku, kinatolewa kwenye mahari, binti anakirithi, na siku mbaya kinauzwa. Akiba hiyo ina thamani kama mchoro wake utatambuliwa hata miaka 20 baadaye. Vlisco inalijua jambo hilo, ndiyo maana haikuacha kuchapa michoro yake ya zamani pembeni ya ile mipya.

Tunaandika haya kwa sababu Kisangani ina kiwanda chake, Sotexki, kilichozaliwa katika miaka ya 1970 na kupita katika vita vyote vilivyoukumba mji huu. Shida zake wakaaji wanazijua: umeme wa SNEL unaokatika, pamba isiyofika. Serikali ina deni hapo, na tutaendelea kulidai. Lakini tuseme ukweli. Hata umeme ukirudi kesho, Sotexki haiwezi kuuza rahisi kuliko China, na haiwezi kujifanya Mholanzi.

Kwa muda mrefu kiwanda kimeishi kwa vitambaa vya kuagizwa: vyama vya siasa, makanisa, sikukuu ya wanawake ya tarehe 8 mwezi wa tatu. Maagizo hayo yanalipa mishahara, hatuyadharau. Ila sura ya mgombea, baada ya uchaguzi, inaishia kufunika mihogo. Hakuna mama anayeweka kitambaa hicho kwenye sanduku, wala anayerudi sokoni kukitafuta tena.

Kiwanda kingechagua michoro mitano au sita yake chenyewe na kuishikilia kwa miaka, hata kama mteja mkubwa anataka kingine. Mitego ya wavuvi Wagenia, ile mikubwa inayoning'inia kwenye miti juu ya maji yenye nguvu, inatambuliwa na kila mtoto wa hapa. Michoro ikiwa tayari, ipelekwe kwa wauzaji wa soko kuu kabla haijachapwa, wao wayachague majina. Kazi hiyo haifanywi ofisini. Na DGDA pamoja na OCC wazuie mipakani vitambaa vyenye maandishi ya uongo, kwa sababu jina lisilolindwa litaibwa msimu wa kwanza.

Gavana wa Tshopo anaweza kuanza na sikukuu ijayo ya wanawake. Kitambaa cha siku hiyo mara nyingi kinabeba tarehe na mada ya mwaka, ndiyo maana kinazeeka tarehe 9 asubuhi. Jimbo liagize cha Sotexki, chenye jina la Kisangani kwenye ukingo, bila mwaka wowote juu yake.