Kofia ya Chama Haitibu Mgonjwa



Awali ya yote nakishukuru Chama cha Kiswahili kwa kunipa nafasi katika jarida letu la mwaka huu. Nilipoambiwa niandike maoni, wenzangu walinishauri niandike juu ya chakula cha mchana au kuchelewa kwa matatu asubuhi. Mie nimeamua kuandika juu ya mtungi wa nyanya yangu. Msicheke. Mtungi huo una uhusiano na Bunge letu, na hata na Bunge la Marekani, nanyi mtaona punde si punde.

Nyanya yangu ana ugonjwa wa sukari. Kila siku ni lazima adungwe insulini, na insulini haipatani na joto. Joto la hapa Shanzu mwalijua wenyewe, hasa miezi ya kaskazi, wakati hata ukuta ukiugusa unachoma. Kwa hivyo dawa yake hukaa kwenye friji. Lakini friji bila stima ni kabati tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mamangu aliingoja hadi akachoka, kisha akazitia chupa za dawa ndani ya kopo lenye kifuniko, akaliweka kopo ndani ya mtungi wa udongo wenye maji baridi. Asubuhi stima ilikuwa bado haijarudi. Tangu siku hiyo mtungi ule hatuuondoi jikoni.

Hilo ni la stima. Sasa sikilizeni la hospitali. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024 nilimsindikiza nyanya kwenda hospitali moja ambayo jina lake nalihifadhi. Bima ya zamani, NHIF, ilikuwa ndo kwanza imefungwa, na mpya, SHA, ilikuwa ndo kwanza imeanza. Tukaambiwa mtandao umelala, mwenye pesa alipe, asiye nazo arudi siku nyingine. Mamangu huuza viazi karai na bajia jioni. Pesa alizolipa siku ile zilikuwa za kununulia unga na mafuta ya biashara yake, na jioni hiyo karai haikutoka nje.

Kilichoniuma zaidi ni mazungumzo niliyoyasikia tulipokuwa tumekaa kwenye benchi. Wazee wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alisema sheria hii ya bima ni nzuri mno kwa kuwa imeletwa na serikali yetu. Mwenziwe akasema ni mbovu tupu kwa kuwa imeletwa na serikali yao. Nikashindwa kujizuia, nikauliza kwa adabu, "Ami, samahani, sheria yenyewe mumeisoma?" Wote wawili wakanitazama. Kisha wakakubaliana kwa mara ya kwanza siku hiyo: wakasema mtoto asiingilie mambo ya watu wazima.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya. Sheria ya afya na sheria ya stima zisihukumiwe kwa rangi ya kofia ya aliyezileta. Zihukumiwe kwa kilichomo ndani yake. Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hapa ni nyanya yangu na nyanya yako.

Hebu tutazame kilichomo. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya kwa pamoja, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Zamani katika NHIF, hata aliyekuwa akilipwa mshahara mkubwa hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Kwa hivyo mwenye mshahara mkubwa sasa hulipa zaidi, nami naelewa kwa nini baadhi ya walimu wetu wamenung'unika. Lakini mtu asiyeajiriwa, kama mamangu, zamani alilipa shilingi 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Katika sheria mpya, aliye na kipato cha chini kabisa anaweza kulipa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, matibabu ya zahanati na kituo cha afya yamewekewa mfuko wake, ambao serikali ndiyo iujaze. Hayo ni mazuri, na mzee wa upinzani pale kwenye benchi hakuyataja.

Na mabaya je? Asiyeajiriwa alitakiwa alipe pesa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Kwa anayepata riziki ya leo kwa leo, mvuvi wa Mtwapa, dereva wa bodaboda, muuza viazi, au mfanyakazi wa hoteli anayesimamishwa kazi watalii wakipungua, shilingi 3,600 kwa siku moja si mchezo. Alikuwa akiweza 500 kila mwezi, sasa anashindwa na kidogo kwa sababu ya namna ya kulipa. Hilo nalo mzee wa serikali hakulitaja. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli akaifanya fimbo ya kumpigia mwenziwe.

Isitoshe, ugomvi huu haukuanza jana. NHIF iliundwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 2004, Waziri wa Afya Charity Ngilu alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote. Bunge likaupitisha mwezi wa Disemba, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Mwezi wa Disemba mwaka wa 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Halafu mwaka wa 2023 ikaja hii ya sasa. Kila serikali huja na jina lake na kadi yake, na mgonjwa huanza foleni upya. Tumehesabu miaka ishirini tangu 2004 hadi 2024. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mswada wa Ngilu alikuwa tayari ana kitambulisho SHA ilipoanza.

Stima nayo ni hivyo hivyo. Njia mojawapo ya kuokoa dawa ya nyanya ni sola juu ya paa, kwani jua hapa kwetu halina uhaba. Lakini vifaa vya sola vilitozwa kodi ya VAT mwaka wa 2013, vikaondolewa mwaka wa 2014, vikatozwa tena mwaka wa 2020, vikaondolewa tena mwaka wa 2021. Fundi wa sola atapanga vipi bei? Baba mwenye nyumba atadunduiza vipi pesa, na bei yapanda na kushuka kama maji ya bahari? Jua halibadiliki, ni sheria tu ndiyo haitulii.

Mtu asidhani haya ni ya Afrika peke yake. Marekani, nchi yenye pesa kuliko zote, yamewashinda vile vile. Mwaka wa 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya bima ya afya, na hakuna mbunge hata mmoja wa chama cha Republican aliyeipigia kura ilipopitishwa. Mwaka wa 2017 chama hicho kikajaribu kuivunja, kikashindwa katika Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51. Mwaka wa 2022 chama cha Democratic kikapitisha sheria nyingine iliyochanganya afya na nishati safi pamoja. Ilisema kwamba wazee walio katika bima ya serikali, Medicare, wasilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa insulini, na ikawapunguzia kodi wanaoweka sola. Kura zilikuwa 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Kamala Harris ndiye aliyeamua. Mwaka wa 2025 wakaingia wengine. Kura zikawa tena 50 kwa 50, safari hii Makamu wa Rais J. D. Vance akaamua, na sheria mpya ikasema msaada wa kodi kwa sola za nyumbani ukome mwisho wa mwaka huo. Kuanzia tarehe mosi Oktoba 2025 serikali yao ikafungwa siku 43 kwa sababu vyama havikuelewana, na jambo kubwa lililogombaniwa lilikuwa ruzuku ya bima ya afya.

Niliposoma habari za insulini ya dola 35 nilimfikiria bibi mmoja wa Marekani nisiyemjua. Nafuu yake ilitegemea kura moja tu. Yeye na nyanya yangu hawajaonana, lakini ni ndugu wa shida moja.

Najua kuna atakayenijibu hivi: "Wewe kijana wataka upinzani unyamaze? Wataka turudi chama kimoja?" La, hasha! Katika somo la historia tumefundishwa kwamba Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu mwaka wa 1982 hadi 1991, na wapo waliofungwa kwa kutaka vyama vingi. Upinzani ni kama breki za gari. Gari lisilo na breki likiteremka litaua watu. Lakini dereva anayekanyaga breki kwa kuwa tu hampendi mwenye gari hatatufikisha popote. Mpinzani atuambie kifungu gani kibaya na kirekebishwe vipi. Na mwenye serikali naye akubali kurekebishwa, asione kila anayeuliza swali kuwa ni adui.

Tena mfano mzuri tunao hapa hapa Pwani. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa stima wa makaa ya mawe huko Lamu, wa megawati 1,050. Baadhi ya watu wa Lamu waliisoma ripoti ya mazingira, wakauliza juu ya moshi, majivu, samaki na mikoko, kisha wakaenda mbele ya mahakama maalum ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo ikafutwa, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walishinda kwa hoja. Na sasa angalieni jambo la ajabu: tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya bima mpya inakiuka Katiba, na huko pia sababu mojawapo ilikuwa wananchi kutoshirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa baadaye iliusimamisha uamuzi huo, ndipo bima ikaanza Oktoba. Lakini funzo limebaki. Watu wasipoulizwa mwanzo, sheria huwa ya chama badala ya kuwa ya nchi, na chama kikianguka nayo huyumba.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kichukue sheria moja kila muhula, tuisome, tuieleze kwa Kiswahili chepesi, na tuibandike ubaoni. Wazazi wetu wengi hawajaisoma kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Pili, katika mijadala yetu ya Ijumaa, kila msemaji alazimike kutaja jambo moja zuri la upande asioupenda kabla ya kuukosoa. Atakayeshindwa apokonywe alama. Tatu, mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi ikiitishwa, tuwahimize wazazi waende, na sie tuliofunga shule tuwasindikize. Kura hatuna bado, lakini macho ya kusoma tunayo.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inasema katika kifungu cha 42 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi vimekaa pamoja kama nyumba mbili za majirani. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hizo ni za waliopigia kura walioshinda.

Namaliza kwa kurudi nyumbani. Nyanya yangu alisajiliwa SHA, na sasa mamangu huweka shilingi kumi kila jioni ndani ya mkebe wa majani ya chai ili zitimie zile za mwaka. Kumi mara siku 365 ni shilingi 3,650. Ameipiga hesabu mwenyewe bila kikokotozi. Hajawahi kuniambia ni chama gani alichokipigia kura, na mie sijamuuliza. Nikimwona anautikisa ule mkebe kusikiliza zilizomo, huwaza kwamba laiti waheshimiwa wetu wangeusikia mlio huo kabla ya kupiga kura zao.

Wasalamu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu