Maganda ya prunus: tusikate mkono unaotulisha



Tangu zamani wazee wa milimani wanachemsha maganda ya prunus (Prunus africana) ili kutuliza maumivu ya kukojoa. Ulaya ilikuja nyuma. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata breve ya dawa inayotoka katika maganda hayo. Ndani yake muko fitosteroli, kama vile beta-sitosteroli, ambazo zinapunguza uvimbe wa prostati, kile kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Njo maana wanunuzi wanapanda mpaka huku kwetu Kivu kutafuta maganda.

Shida iko kwenye namna ya kuvuna. Mtu akizungusha panga na kutoa ganda pande zote, chakula kinachotoka kwenye majani hakifiki tena kwenye mizizi. Muti unakauka. Wengine wanaukata kabisa ili wafikie maganda ya juu. Ni kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya kikombe kimoja. Tangu 1995 muti huu uko kwenye orodha ya CITES, mapatano ya mataifa yanayochunga biashara ya viumbe vinavyoweza kuisha.

Sisi maagronomu tunasema wazi: koperative isinunue wala kuuza ganda la muti uliouawa, hata bei ikiwa nzuri. Tuvune muti wenye unene wa santimetre 30 kwenda juu. Tutoe vipande viwili tu vinavyotazamana, tuache vingine viwili, na tusiumize ule utando laini ulio chini ya ganda. Kisha tuuache miaka mingi upone.

Mutasema: njaa haingoji. Ni kweli. Lakini anayemaliza miti leo, kesho atauza nini? Tupande prunus kwenye mipaka ya mashamba na kando ya mahindi. Mbegu zake hazikai sana: zipandwe zikiwa mbichi katika pepinyeri. Itapita zaidi ya miaka 10 mbele ya kuvuna, kwa hiyo tuanze msimu huu. Na tuuze pamoja, kwa kilo iliyopimwa mbele yetu, si kila mtu na mufuko wake kando ya barabara.

Neno la mwisho: mzee anayekojoa kwa shida aende kwanza kwa munganga. Inaweza kuwa kansa, na hiyo haitibiwi na maganda.